Mama Bado Hajavua Nyeusi

Leo ni tarehe kumi na tisa Oktoba, na huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke Laga, kwetu Timor, kuja kuchuma mapeasi katika nchi hii ya Australia.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waheshimiwa madaktari, wauguzi wa wodi zote, familia zilizotoa viungo vya ndugu zao na familia zilizopokea, wafanyakazi wenzangu mlioacha ngazi zenu shambani ili nisitetemeke peke yangu, na wewe Sista Despina, muuguzi unayestaafu leo: nawasalimu. Mimi ni Abilio Ximenes. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo nikimtaja mdogo kabla ya mkubwa, mnivumilie.

Nimeombwa nimsifu Sista Despina kwa niaba ya familia zilizotoa. Waliozungumza kabla yangu wamesema juu ya mioyo mingi iliyopita mikononi mwake. Mimi naujua mmoja tu, wa mdogo wangu Zeferino.

Tulikuja pamoja. Yeye alikuwa mwepesi juu ya ngazi, mimi mzito, na kutwa nzima alinitania kutoka mti wa pili: "Kaka, unachuma mapeasi au unayabariki?" Septemba ya mwaka jana gari lilimgonga akiwa kwenye baiskeli, akitoka kununua mchele. Akaletwa hapa. Kichwa kilikuwa kimeharibika, lakini kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu ya mashine.

Madaktari walipokwisha kuniambia hakuna tiba, Sista Despina alinikalisha, akasema bila kuzunguka. Moyo, alisema, hutoka kwa marehemu wa namna mbili. Kuna ambaye ubongo umekufa wote, ila moyo bado unapiga kwa kuwa mashine inampumulia. Na kuna ambaye ubongo umeharibika asiweze kurudi, lakini haujafa wote. Huyo mashine huondolewa, moyo husimama wenyewe, watu husubiri mpaka kifo kihakikishwe, ndipo huguswa. Zeferino alikuwa wa namna ya pili.

Nikamwambia, "Sista, sisi peasi lililoanguka chini haliingii sanduku la daraja la kwanza. Moyo uliokwisha simama una faida gani?"

Hakunicheka. Alisema hata wao zamani waliwaza hivyo hivyo. Siku hizi wana mashine inayoupitishia moyo damu ya moto mpaka uamke. Huenda ukawa mzito siku za mwanzo, ukahitaji kusaidiwa, lakini mwaka ukipita, waliopokea moyo wa namna hii wanaishi karibu sawa na wale wengine. "Ila sikuahidi kitu," alisema.

Nikampigia Mama simu. Nani kati yenu amewahi kumuuliza mama yake jambo kama lile, bahari ikiwa katikati?

"Moyo wake unapiga?"

"Unapiga, Mama."

"Basi hajafa. Mtu asimguse."

"Hawatamgusa. Watasubiri usimame wenyewe."

Kisha akasema, "Ukisimama kweli, wape. Lakini wewe uwe umemshika."

Nilimshika. Kiganja changu kilikuwa kifuani mwake moyo ulipopunguza mwendo, ukapiga, ukangoja, ukapiga, ukaacha.

Baadaye Sista akanipa habari aliyoruhusiwa kunipa: moyo umeamka, na aliyepewa ni mwanamume mmoja, baba wa watoto wawili. Ulianza kwa uvivu, kisha ukashika kazi. Siku niliyowaambia wenzangu kwamba yule bwana sasa anakata nyasi za uani kwake, mmoja akasema, "Moyo wa Zeferino unafanya kazi za nyumbani? Huku hata sufuria alikuwa haoshi." Tulicheka mpaka tukalia. Naye Mama kila Jumapili alikuwa na maagizo: "Mwambie huyo bwana asile chakula kilichopoa. Zeferino hapendi."

Kwetu mwaka wa msiba ukitimia tunavua nyeusi, tunakula, tunacheza, na marehemu anaachwa apumzike. Ndugu walipoanza kutafuta nguruwe wa siku hiyo, Mama alikataa. "Mlisema umesimama, sasa mnasema unapiga. Nitavuaje nyeusi ya mtoto ambaye hajaisha?" Niliyeushika ukisimama ni mimi, na niliyempelekea habari kwamba unapiga ni mimi.

Agosti iliyopita tulikuwa tunapogoa mipeasi. Nikaona mtu mwishoni mwa mstari, na viatu vya mjini ndani ya matope. Alikuwa Sista Despina. Kabla hajafungua mdomo nilishuka ngazi.

"Abilio, amefariki. Mapafu yalipata maambukizi. Moyo ulikuwa mzima mpaka mwisho."

"Si kwa sababu ulikuwa wa namna ile?"

"Hapana. Ingekuwa hivyo ningekuambia."

Mheshimiwa Mkurugenzi, simu ipo, na njia ya kuja kwetu ni ndefu. Nani angemlaumu kama angepiga? Lakini alikuja, akakaa nami juu ya sanduku lililopinduliwa, akasubiri hadi nikaweza kusimama. Alinizikia ndugu mara ya pili, na mara zote mbili hakunidanganya. Hiyo ndiyo sifa niliyoileta, sina nyingine.

Mjane wa yule bwana na watoto wake siwajui. Kama wamo humu, poleni. Mlimtunza vizuri.

Mama hajajua. Jumapili huuliza, "Unapiga?" Namjibu, "Mama, nakuja nyumbani, nitakuambia nikiwa mbele yako." Jumapili mbili zilizopita hakuuliza tena. Aliniuliza tu kama nina koti la safari.

Sista Despina, nenda ukapumzike, umechoka kwa haki. Waheshimiwa na ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu. Natarajia kufika Laga tarehe thelathini na moja mwezi huu, kabla ya Siku ya Marehemu Wote. Na kitambaa hiki cheusi mnachokiona kifuani pangu nitakivua siku Mama atakapovua chake.