Lokuruka Ewesit, Fundi Aliyetupima Sote

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mzee Lokuruka Ewesit atafunga mlango wa karakana ya klabu yetu ya gofu na kustaafu. Karakana yenyewe inafungwa pamoja naye. Kamati imeamua kwamba wanachama wapya watanunua seti zilizo tayari dukani, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza kazi yake.

Alikuja mwaka 1994 kupiga reki. Uwanja wetu hauna nyasi. Mashimo yamezungukwa na mchanga uliomwagiwa mafuta, na mchezaji akishapita lazima mtu asawazishe nyayo zake. Huku akisawazisha, Lokuruka aliwatazama warefu na wafupi wakipiga kwa fimbo za urefu mmoja, akashangaa. Baba yake alimkatia kila mtoto fimbo ya kuchungia kwa kipimo chake mwenyewe.

Akaanza na fimbo zilizovunjika. Alipima kwa uzi wa katani kutoka kifundo cha mkono hadi ardhini, akafunga fundo, akautundika ukutani na jina la mwenyewe. Baadaye alijifunza kupinda shingo ya fimbo ya chuma hadi kichwa chake kilale sawasawa mchangani.

Hakukosa kukosea. Bwana Mutembei wa ofisi ya kilimo alisimama mbele yake kama anayeshonewa suti: kifua mbele, pumzi imebanwa. Fimbo zikatoka ndefu. Kwenye shimo la kwanza Mutembei alichimba mchanga mara tatu, na wabeba mifuko wakamuuliza, "Mzee, leo unapanda mahindi?" Tangu siku hiyo Lokuruka hakumpima mtu anayejua kuwa anapimwa. Alikupigia stori za mbuzi na mvua mpaka mabega yashuke, ndipo uzi upite.

Mwalimu Kananu hatasahau. Ni mrefu, hutumia mkono wa kushoto, na seti ya wanawake aliyonunua dukani ilimwinamisha hadi mgongo ukamshinda. Alikuja karakana kuaga, akisema anaacha gofu. Lokuruka akamwambia, "Mwalimu, si wewe mrefu. Ni fimbo fupi." Mwaka uliofuata alichukua kombe la wanawake, na akalichukua tena mara mbili.

Mwezi Machi mwaka huu alimzika mkewe, Nakolong. Alirudi kazini wiki iliyofuata. Uzi ulikuwa ule ule, lakini stori zilikuwa zimekwisha, na watu wakaanza tena kusimama wakakamavu mbele yake.

Liko jambo moja ambalo gazeti hili la klabu halina budi kulikiri. Lokuruka alisema kila mara kwamba fundi hawezi kujipima: ukiinama kutazama fundo, mkono umeshashuka na kipimo kimeharibika. Tulicheka. Hatukuuliza kwa nini yeye mwenyewe alicheza kwa seti ya dukani aliyoachiwa na mgeni, ndefu mno, akiishika chini kabisa ya kishikio. Nyuzi sitini na tatu ukutani, na wake haukuwemo.

Jumanne iliyopita Mwalimu Kananu aliuchukua uzi. Lokuruka akasimama wima kama askari, kifua mbele, yeye aliyetukanya sote. Tukangoja. Mwishowe Mwalimu akamuuliza, "Mzee, Nakolong alikuwa akikuita nani mkiwa nyumbani?" Akatabasamu, akaanza kueleza, na mabega yakashuka. Yalishuka kuliko tulivyotarajia. Uzi ulitoka mfupi, na Mwalimu akafunga fundo.

Fimbo zake alizikata yeye mwenyewe kwa siku tatu. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya karakana. Uzi wake tumeutundika mwisho wa safu, wa sitini na nne, na hata mlango ukifungwa hautaondolewa.

Sasa anahamia Rapsu kwa binti yake Velma, ambako hakuna uwanja wa gofu, ila kuna ardhi tambarare kando ya mashamba ya vitunguu.

Asante, Mzee Lokuruka, kwa kila fundo. Uwe na afya, na siku zako zilizobaki ziwe za kukutosha barabara. Utusamehe kwa kuchelewa kukupima.