Nyumba ya Nane ya Rwintondo

Ndugu Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazazi wetu, nanyi mliotembea kwa miguu kutoka vijiji jirani: sisi vijana wa Rwintondo tunawasalimu. Wakubwa wote, shikamooni.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana. Tumeona vumbi kwenye gari lako, tukajua barabara ya kutoka Ngara mjini imekufanya nini. Lakini umefika saa nzuri. Ukungu bado haujaondoka bondeni, na nyumba hizi mpya unaziona kama zinaelea. Sisi mwaka jana tulikuwa tunaziona hivyohivyo, ila wakati ule zilikuwa hazijajengwa.

TULIKOTOKA

Mwaka 1974 wazazi wetu walishuka kutoka vilimani, wakaja kukaa pamoja hapa. Kila kaya ilipewa kiwanja kimoja. Sisi tulikuwa watoto wakubwa, tulibeba kuku na vyungu. Hakuna aliyekumbuka kwamba watoto wale watakua. Tumekua, tumeoa na kuolewa, na viwanja vilibaki vilevile. Kijana akioa alimleta mke kwenye chumba cha nyumbani kwa baba yake, pazia likawa ndiyo ukuta. Wazazi hawakutufukuza, na leo tunawashukuru mbele yako. Lakini mtu mzima huchoka kukohoa kwa adabu kila anapotaka kupita.

MWENZETU EUSTAKIA

Hivyo ndivyo alivyoishi mwenzetu Eustakia. Aliolewa na Anatory mwaka 1977, wakapewa chumba kwa Mzee Minani, baba yake Anatory. Jioni wakitoka shamba la kijiji walipitia huku pembeni, palipokuwa na nyasi tupu, wakasimama wakijenga kwa maneno. Anatory alitaka dirisha litazame milima ya Burundi. Eustakia alitaka litazame barabara, aone nani anakuja. Walibishana msimu mzima wa maharage, mwisho wakapatana madirisha mawili.

Mwisho wa mwaka 1978 Anatory aliondoka na mgambo kwenda vitani. Akiwa juu ya lori, baba yake amesimama pale chini, alimwambia mkewe, "Usiache mtu alime pale petu."

"Petu papi, na hatujapewa?" Eustakia alijibu huku akicheka.

"Palepale. Ni petu."

Hakurudi. Taarifa ilifika mwezi wa tano, mtoto wao akiwa hajaanza kutambaa.

Siku za msiba zilipokwisha, Eustakia alikwenda pale kwenye nyasi akiwa na vigingi na kamba za migomba. Akapima sebule na vyumba viwili, akazungushia kamba, akaacha pengo la mlango. Kuanzia hapo, kila jioni aliingia humo, na aliingia kwa mlango; hakuvuka kamba hata mara moja. Alimlaza mtoto chumbani kwake, yeye akakaa sebuleni akichambua maharage, mawingu yakipita juu yake. Watu walisema huzuni imempanda kichwani. Sisi pia tulicheka, tunakiri.

Siku moja Tomasi, katibu wetu, ambaye ndiye huyu anayesoma, alikata njia katikati ya zile kamba na jembe lake begani.

"Kaka Tomasi," Eustakia akamwita taratibu, "umepita ukutani."

Tomasi alitazama miguu yake. Akarudi nyuma, akazunguka. Alitueleza baadaye kwamba aliona aibu kama mtu aliyebomoa nyumba kweli, na kwamba, kwa muda mfupi tu, aliiona: kuta, madirisha mawili, moshi. Kesho yake tulikwenda vijana wanne.

"Nyumba kama hii inataka matofali mangapi?" tukamwuliza.

"Sijui," alisema. "Tuanze, tutajua."

MAFANIKIO

Tulianza. Mwenyekiti alipoona matofali yanakauka kwa safu, alitupimia viwanja vinane. Mama zetu walichota maji. Baba zetu walikata nguzo na nyasi za kuezekea. Mzee Minani, ambaye tangu taarifa ya mwanawe alikuwa haongei na watu, alikuja siku ya pili, akavua viatu, akaingia kukanyaga udongo pamoja nasi. Alikanyaga mpaka jua likazama. Bawaba za milango tulikata kwenye matairi ya lori lililokufa. Leo nyumba nane zimesimama.

MATATIZO

Bati, saruji na misumari havipatikani, hilo unalijua kuliko sisi. Tatizo letu ni daftari la kijiji. Nyumba saba zimeandikwa majina ya wenyewe. Ya nane imekwama. Serikali ya kijiji ilisema mjane kijana haandikwi, kwa sababu kesho ataolewa kwingine. Basi iandikwe jina la baba mkwe. Mzee Minani akaitwa ofisini. Sisi tulikuwa dirishani.

"Mzee, weka dole gumba hapa," wakamwambia.

"Ni nyumba ya nani?"

"Yako, kwa niaba ya mkwe wako."

"Nyumba yangu naijua, inavuja upande wa jikoni. Hii mwandikeni aliyeijenga."

"Na akiolewa?"

"Mume atamkuta kwake."

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mwanangu alisema pale ni pao," alisema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Walikuwa wawili. Mmoja yupo."

Akatoka, dole lake halina wino.

MAOMBI

Misumari tutaisubiri kama wananchi wengine. Ombi letu ni moja. Mwenyekiti ametuambia kwamba ukitamka wewe, ataandika. Tunaomba utamke hapa, watu wote wakisikia, kwamba nyumba ya nane ni ya Eustakia. Wapo mabinti wanaokuja baada yake, nao wanasikiliza.

Ndugu Mgeni rasmi, liko jambo hatukukueleza kwenye ratiba. Umekuja kufungua nyumba nane, lakini utepe tumefunga kwenye saba. Eustakia alihamia juzi. Hakumwuliza mtu. Alibeba chungu, jembe na mtoto, akaingia. Na hapa mkutanoni hayupo. Amesema anatarajia mgeni, hawezi kuondoka nyumbani. Kwa hiyo, ukifika kwenye mlango ule, tunakuomba upige hodi, usubiri akukaribishe.

Mungu akupe safari njema, na wale wanaokungoja kwako wakupokee ukiwa mzima. Waliobaki vitani awalaze pema. Nasi atupe nguvu ya kufyatua matofali ya wadogo zetu, maana nao wanakua.

Ni sisi,
Vijana Wajenzi wa Kijiji cha Rwintondo,
Juni 1980.