Dereva Hageuki Nyuma: Maisha ya Anselme Bargoin, 1943–2019

Ndugu, majirani, na ninyi wa chama cha magari ya kale: Ijumaa iliyopita mlikaa kwenye viti hivi hivi mkimsubiri kaka yangu Anselme aingie na mke wake, kwa misa ya miaka hamsini ya ndoa yao. Leo ameingia amebebwa. Maua ni yale yale, hakuna aliyepata moyo wa kuyabadilisha. Mimi ni Huguette, mdogo wake. Mnisamehe nikisoma kama karani, maana bado siamini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 hapa Chavenat, mtoto wa kwanza wa mzee Théodore Bargoin na mama Léonie. Baba alikuwa dereva wa Bibi de Vauzelles wa lile jumba la juu, na gari lenyewe mnalijua: Delaunay-Belleville ya mwaka 1911, silinda sita, boneti ya duara kama pipa la divai. Abiria hukaa nyuma kwenye chumba cha vioo na mapazia. Dereva hukaa mbele, nje ya kioo. Bibi akitaka jambo alisemea kwenye mrija uliotokea sikioni kwa baba. Mrija wa kumjibu haukuwepo. Sheria ya baba tuliijua kabla hatujajua sala: "Dereva hageuki nyuma, hajibu. Anagusa kofia kwa vidole viwili, anaondoa gari."

Alisoma shule ya hapa kijijini hadi 1957. Hakuwa mtoto wa kusahau mambo, ila mara moja tu. Februari 1956, kwenye baridi ile ambayo wazee bado wanaisimulia, baba alikuwa kitandani na homa, akamtuma akamwage maji ya injini yasigande. Anselme alifungua koki ya kwanza, akasahau ya pili. Asubuhi silinda mbili zilikuwa zimepasuka. Baba hakumgusa. Alikaa kwenye kidato cha kupandia gari, akavua kofia. "Heri angenichapa, Huguette," kaka aliniambia hadi uzeeni. Miaka miwili baadaye Bibi alifariki bila mtoto, akamwachia baba gari lisilotembea.

Ndiyo maana marehemu alikwenda Moulins kujifunza kumimina chuma, akafanya kazi hiyo kiwandani miaka arobaini na mitatu. Wengine walidhani anapenda moto. Silinda za gari lile haziuzwi popote, na magari ya aina ile yaliyobaki ni ya kuhesabu, kwa hiyo ilibidi azitengeneze mwenyewe. Alichonga kalibu za mbao bandani, akamimina mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja chuma kikatoka na ufa au mapovu. Ya kumi na mbili, Novemba mwaka jana, ilitoka safi. Alinipigia simu akawa anapiga kelele tu, nikadhani nyumba inaungua.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Solange Tixier, karani wa posta. Alikuwa ameapa kumpeleka kanisani kwa gari lile. Alimpeleka kwa trekta ya mjomba, na shela ikaingia grisi.

"Nitakupeleka, mke wangu, subiri kidogo tu," alimwambia.

"Kidogo cha fundi nakijua mimi!"

Tangu hapo, kila ikifika siku hiyo, Solange alikata pai ya viazi, akamimina krimu, akauliza mbele yetu sote: "Enhe, fundi, mwaka huu?"

"Mwakani."

"Mwakani utanipeleka makaburini!"

Na sisi tulicheka. Jamani, miaka yote hiyo tulikuwa tunacheka!

Hapa kwa desturi husomwa aya ya maradhi. Sina. Mwezi Mei daktari alimpima akamwambia ana moyo wa ng'ombe dume. Sasa niambieni mimi niandike nini.

Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi, injini iliwaka kwa mzungusho wa kwanza wa mkono, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Kaka alikuwa amevaa kofia ya baba. Solange alipanda nyuma na kofia yake mpya ya bluu, mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa nimeshika geti. Kilomita mbili tu hadi hapa! Gari halikuondoka. Niliona kichwa cha kaka kimeinama, nikasema moyoni, anaisikiliza injini, maana hivyo ndivyo alivyoisikiliza siku zote. Solange kule nyuma aliona mgongo wake umetulia, hageuki wala hajibu, akadhani anashika sheria ya baba, anamchezea udereva. Akamwacha afaidi mchezo wake. Tulimsubiri hivyo dakika nne, mimi na wifi yangu, kila mmoja akitabasamu upande wake. Ndipo kofia ikaanguka.

Daktari alituambia moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata yeye angekuwa amesimama pale asingeweza kitu. Solange hakuyasikia hayo. Tangu Ijumaa hadi asubuhi hii alikuwa amejifungia chumbani, hali chakula, hamfungulii mtu, hata binti yake. Kupitia mlango alimwambia Mireille jambo moja tu: "Neno langu la mwisho kwa baba yako lilikuwa la kumkejeli, na sijui kama alilisikia au nilikuwa namkejeli maiti."

Kinachofuata hakimo kwenye karatasi mlizoshika. Nilikuwa nimepigwa na bumbuwazi, na leo ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile namwona Solange uso kwa uso.

Wifi yangu, nitazame. Ulisemea kwenye mrija nami nikasikia kutoka getini, kwa sababu sauti unayo. Ulisema, "Ewe dereva, tunakwenda au tunaota mizizi? Bibi harusi ana miaka sabini na mmoja huku nyuma!" Wewe uliona mgongo. Mimi niliona uso. Alikusikia, Solange. Alicheka hadi meno ya pembeni yakaonekana. Akainua vidole viwili, akagusa kofia. Mkono uliposhuka ndipo kichwa kikainama. Hukumkejeli maiti. Ulimchekesha mumeo, na kicheko kile ndicho alichoondoka nacho. Nilipaswa kukuambia Ijumaa ile ile, hata kwa kuvunja mlango. Nisamehe.

Marehemu ameacha mke wake, Solange; binti yao, Mireille; wajukuu wawili, Clovis na Apolline; na mimi mdogo wake. Ameacha pia gari moja, zima.

Kaka, injini niliizima mwenyewe. Ni Juni, najua, lakini koki nimezifungua, zote mbili. Pumzika. Hakuna kitakachopasuka tena.