Sauti ya Kasuku

Ndani ya treni, mzee mmoja alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yake yote yalikuwa kwa vijana wawili waliokaa mbele yake. Walikuwa wamesoma utangazaji chuo kimoja na hawakuwa wameonana tangu wahitimu, miaka kadhaa nyuma.

"Mimi nauza gesi, dada," kijana alisema. "Sauti ya kusomea habari sasa naitangazia mitungi. Na wewe, Kasuku wetu?"

Kabla binti hajajibu, spika ya juu ilitangaza kituo kinachofuata. Kijana akashtuka. "Ala! Si wewe huyo?"

Mzee, aliyekuwa akiitii sauti hiyo kila asubuhi, akashusha gazeti.

"Ni mimi. Nilirekodi vituo vyote siku moja, mara tu tulipomaliza chuo, na sijaitwa tena. Sasa nashona mapazia."

"Kesho redioni kuna usaili. Twende wote."

"Nikashindane na watoto waliomaliza juzi? Niache, kaka. Nimeshachelewa."

"Umechelewa nini, na treni nzima inashuka ukisema?"

Treni ilipunguza mwendo. Sauti ile, changa na yenye uhakika, ikasema, "Huu ni mwisho wa safari. Abiria wote mnaombwa kushuka."

Watu wakasimama. Binti alibaki ameketi, akiisikiliza mpaka ikamaliza.