Mifuko Tisa ya Manjano na Kadi za Maman Mwadi

Tarehe 30 Juni 2016, saa kumi na nusu jioni, Maman Mwadi Kalenga atafunga mlango wa chuma wa depo yetu ya Forest, hapa Brussels, kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi miwili ya kazi. Hotuba za Kifaransa na Kiholanzi zitasomwa na wakubwa. Ukurasa huu wa Kiswahili ameuomba yeye mwenyewe, na mimi, Omari Ndayizeye wa chumba cha skana, niliuwahi kabla mwingine hajainua mkono. Nina sababu. Katika faili lake la utumishi kuna barua moja ya onyo, moja tu kwa miaka yote hiyo, na kila aliyeisoma ameielewa vibaya. Nitafika hapo. Kwanza nimsifu, maana nimengoja nafasi hii muda mrefu na furaha imenijaa mpaka shingoni.

Kwa asiyetujua, depo yetu inatunza ripoti za maabara za serikali za tangu mwaka 1947 hadi 1968, masanduku elfu sita na mia nne. Nusu yake inahusu usalama wa mahali palipopangwa kujengwa vinu vya nyuklia: upepo unaelekea wapi, maji ya chini ya ardhi yanapita wapi, moshi wa bomba utaangukia nyumba za nani. Nusu nyingine ni ndege: mabawa, injini, vyuma vinavyopata ufa angani. Na hebu sikieni hili, jamani: wataalamu wale walitumia handaki moja la upepo, chumba kirefu cha kupulizia hewa, kwa kazi zote mbili. Asubuhi wanaweka bawa la mbao, wanapuliza. Mchana wanaondoa bawa, wanaweka kijiji kidogo cha mbao chenye bomba lake, wanapuliza tena. Siku niliyoligundua hilo nusura niruke hadi darini. Mpaka leo nikiona picha za majaribio yale moyo hunienda mbio, na wenzangu wamechoka kunisikiliza.

Maman Mwadi alizaliwa Likasi, Katanga, mwaka 1951, mwendo mfupi tu kutoka kwenye shimo lililotoa urani enzi zile. Alifundisha shule ya msingi kabla ya kuja huku. Wageni wakimwuliza mama wa Kikongo amefikaje katikati ya makaratasi ya nyuklia, huwa anawajibu kwa utulivu: "Majiwe ilitoka kwetu, bakaandika makaratasi juu yake huku. Bon, miye nilikuya kulinda makaratasi." Halafu anawaonyesha mahali pa kutundika koti.

Alianza Mei 1995 kwenye meza ya mlangoni, kazi yake kufungua na kufunga. Mwaka wa pili alikuwa anasoma michoro ya mabawa vizuri kuliko wengi wenye shahada. Alijifundisha mwenyewe wakati wa chakula, mchoro mmoja kwa siku, rula mkononi. Kuna profesa mmoja alikuja toka mbali, akakaa saa mbili akiandika maelezo ya bawa, uso umekunjamana. Maman akapita na toroli lake, akasimama, akamgeuzia mchoro juu chini, akaendelea na safari. Profesa alirarua kurasa sita za daftari lake. Mwaka uliofuata alimletea boksi la chokoleti, tukalimaliza sisi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mikate yake ya kukaanga, ile ambayo watu wa Dar wangeiita maandazi na kukosea. Ilifika ikiwa moto ndani ya taulo, kwa tramu, na abiria wote walijua Ijumaa imefika. Depo ni baridi mwaka mzima, kwa hiyo yeye alivaa sweta mbili na kitenge juu yake. Tukamzoea hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye kadi. Zamani zile ripoti nyingi zilikuwa za siri, na kila moja ilifungiwa kadi ya rangi ya waridi kwa uzi. Ukiichukua unaandika jina lako, unachochukua na tarehe. Ukiirudisha unaandika tarehe nyingine. Siri ziliisha zamani, lakini Maman Mwadi hakuona kwa nini adabu nayo iishe. Alichapisha kadi mpya, na hakuna kitu kilichotoka mezani kwake bila kadi. Mkurugenzi wetu, Madame Claudine, aliwahi kuazima mashine ya kubania karatasi, akasaini. Alipokawia siku mbili, Maman alipanda ghorofa ya tatu kwa ngazi kuifuata.

Mimi niliajiriwa Desemba 2004, mkataba wa majaribio wa miezi sita. Nilikuwa nimefika Brussels kama mkimbizi kutoka Buyenzi, Bujumbura. Mke wangu Nuru alikuwa na mimba ya miezi minne, na kazi hii ilikuwa ya kwanza yenye meza na kiti. Nikapewa skana mpya. Mnajua mtu akipewa kitu kipya anavyokuwa. Zile kadi zilikuwa zinakwama kwenye mashine, na nyuzi zake ndiyo balaa kabisa. Nikajiambia, Omari, wewe ni mtu wa kisasa. Kwa wiki mbili nilizikata kimya kimya, kadi za miaka ishirini na mmoja ya maabara zile, nikazijaza kwenye mifuko ya manjano ya karatasi. Mifuko tisa. Alhamisi moja ya Machi 2005, saa sita mchana, nikaipanga kando ya barabara lori la taka liichukue, nikarudi ndani nikipiga mluzi.

Maman aliporudi kutoka kula, alifungua sanduku moja, la pili, la tatu. Akaja chumbani kwangu. Hakupaza sauti.

"Omari, ile masashi ya jaune, uliitosha inje saa ngapi?"

Nikamjibu kwa fahari saa niliyoitoa nje ile mifuko ya manjano, nikataja na idadi. Nilidhani nitapongezwa. Niliona tu kitenge kikipotea kwenye ngazi. Lori lilikuwa limeshapita. Mama wa miaka hamsini na minne alilikimbiza kwenye mvua, kwa viatu vya ndani, bila koti, akipanda ule mteremko wa nyuma ya depo. Akalipata kwenye kona ya tatu, kwa sababu gari la kuleta bia lilikuwa limeziba njia. Wale vijana wa taka walikataa kwanza. Alichowaambia hajawahi kunisimulia, ila walimshushia mifuko yote, na wa tisa uliokuwa umechanika walimsaidia kuokota kadi moja moja kwenye lami. Akazirudisha kwa toroli aliyoazima dukani, akaacha saini yake kwa mwenye duka.

Dakika arobaini mlango wa depo ulikuwa wazi na meza haina mtu. Na ndani ya dakika hizo arobaini, kati ya siku zote za mwaka, akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Maman aliingia amelowa, mkaguzi akamwuliza alikuwa wapi. Akajibu kwa Kifaransa kwamba alikuwa ametoka. Basi, hakuongeza neno. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikafungua mdomo, naye akanikanyaga mguu kwa kisigino kwa nguvu zake zote. Kidole changu kimoja kilipoteza kucha. Mkaguzi alipoondoka nikataka kumfuata, Maman akanizuia mlangoni.

"Bibi yako iko na mimba, na weye uko mu majaribio. Miye, barua moja itanifanya nini? Funga kinywa, alors, tupange kadi."

Barua ikaja: ameacha kituo cha kazi bila sababu. Tukapanga kadi kwa muda wa saa moja kila siku baada ya chai, kwa miezi saba. Ndipo nilipozipenda, maana nilianza kuona watu ndani yake: mhandisi aliyeazima ripoti ileile mara kumi na nne, mwingine mwenye mwandiko wa kuku. Binti yangu akazaliwa Mei, mkataba wangu ukathibitishwa Juni. Maman alileta nguo za mtoto nyumbani kwetu, na habari ile hatukuizungumza tena.

Mwaka 2009 nafasi ya mkuu wa depo ikawa wazi. Hapakuwa na mwingine wa kufikiria. Wakubwa walifungua faili la Maman, wakakuta barua, wakasema mtu anayeacha mlango wazi hapewi funguo zote. Wakamleta bwana mmoja aliyedumu miezi kumi na minne na hakuwahi kujua taa za chumba cha pili zinawashwa wapi. Mwaka ule mimi nilikuwa na mkataba wa kudumu. Binti yangu alikuwa anaenda shule. Sikuwa na kisingizio chochote, na nilinyamaza. Ninaandika hivi nikiwa na akili zangu timamu: niliogopa, nikanyamaza, na sioni fahari.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo zile kadi zilipolipa kazi yote. Mwaka 2013, kwenye kiwanja cha maabara mojawapo ya zile za zamani, upande wa kusini wa mji, zilikuwa zinajengwa nyumba za familia. Dada yetu Warda, anayesafisha ofisi zetu, alikuwa amengoja nyumba miaka tisa, watoto wake wanne na yeye katika vyumba viwili vyenye ukungu kule Koekelberg. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya jengo lile. Ghafla kazi ikasimamishwa. Karatasi ya mwaka 1961 ilisema kwamba zamani maabara ilifukia mirija saba ya madini ya risasi yenye vipande vidogo vya mnururisho, vya kupimia mashine zao, na kwamba sita ilikuwa imefukuliwa. Ya saba iko wapi? Ramani ilikuwa na nambari katika orodha yetu, lakini jalada lake lilikuwa tupu. Wakubwa wa ujenzi walitupa wiki tatu. Ikikosekana ramani, mradi unafutwa.

Nilitafuta kwenye kompyuta mpaka macho yakawasha. Warda alikuwa anapita na ndoo yake, haulizi kitu, na kule kutouliza kwake kulinitesa zaidi. Siku ya kumi na moja Maman akaenda kwenye droo za waridi. Akarudi na kadi moja yenye doa la matope, ya mfuko wa tisa, ule uliochanika. Akaiweka mbele yangu.

"Muntu alikamata hii plan, hakurudisha."

Ramani iliazimwa Novemba 1958, na mhandisi wa sehemu ya ndege. Sababu ya kuazima: handaki la upepo. Nilipiga kelele mpaka wa ghorofa ya juu wakashuka. Alikuwa ameichukua ili achonge kiwanja kidogo cha mbao akipulizie! Tukakimbilia droo ndefu za michoro ya mabawa, Maman mbele na sweta zake mbili, na katika droo ya tano, ramani ilikuwa imeviringishwa ndani ya mchoro wa bawa la kushoto, miaka hamsini na mitano, safi kama jana. Mrija wa saba ulikuwa mbali na wenzake, mita nne kutoka ukuta wa barabara, mahali palepale walipopanga kuchimba msingi. Wataalamu waliutoa asubuhi moja. Warda alipewa funguo Februari mwaka jana, na siku hiyo alimkumbatia Maman katikati ya ukumbi mpaka ndoo ikapinduka.

Taarifa ya mwaka ule iliisifu skana. Maman aliisoma, akacheka hadi akatoa machozi, akaifungulia kadi na kuiweka mahali pake.

Wiki iliyopita nilipanda kwa Madame Claudine nikamweleza yote, tangu mifuko hadi kisigino. Alisema kanuni haziruhusu barua kuondolewa kwenye faili. Nikamwambia nilijua. Maman mwenyewe alinifundisha tukiwa tunapanga zile kadi: karatasi iliyoingia haitoki, ukiona imesema uongo unaiongezea karatasi nyingine mbele yake. Madame Claudine amekubali. Ukurasa huu utaingia kwenye faili leo, mbele ya ile barua, na atakayelifungua atakutana nao kwanza.

Maman Mwadi, usinitafute mguu, leo nimekaa mbali na meza yako. Ahsante kwa mikate, kwa michoro, kwa nguo za binti yangu ambaye sasa ana miaka kumi na moja na anajua hadithi hii yote. Nenda kapumzike. Ijumaa asubuhi, ukiwa huna pa kukimbilia, ukapite soko la Flagey polepole, ununue unachotaka, wala usisaini popote. Warda anakutakia mema, Nuru anakutakia mema, na depo nzima tunakuombea siku ndefu zenye afya na vicheko. Kadi yako ya mwisho nimeijaza mimi, kwa mwandiko mzuri, na uzi wake nimeufunga kama ulivyonionyesha:

Mwazimaji: Omari Ndayizeye.
Kilichoazimwa: jina jema la Mwadi Kalenga.
Tarehe ya kuazima: Machi 2005.
Tarehe ya kurudisha: 30 Juni 2016.