Mkwe Kukumbatiwa Kwenye Sinema

Benchi la pale Mwaya linatazama banda la video. Neli anauza kahawa upande huu, Bibi Angetile vyungu upande ule. Siku hiyo bibi hakuuza hata kibakuli, macho yote mlangoni mwa banda. Ndani, Mzee Hezroni wa Bujonde anatazama sinema ya mpira aliyochezea Lusungu, mjukuu wa bibi. Na huyo Lusungu kaolewa na mtoto wa Hezroni. Kwetu mke na baba mkwe wake hawapishani njiani. Akimwona kwa mbali, anajificha migombani mpaka mzee apite. Sasa mwisho wa sinema binti anafunga bao, anamkimbilia baba mkwe, anamkumbatia. Mchana kweupe.

— Ile ya zamani walicheza Wazungu, akasema Tomasi, anayeitwa Refa kwa ubishi. Binti alimkumbatia baba yake mzazi. Tukalia, tukaenda kula.

— Si nyie mlionuna? Neli akamjibu. Eti mbona sisi hatumo. Haya, wameirudia, mmo. Baba wamemfanya baba mkwe, iwe ya Kinyakyusa.

— Kinyakyusa gani hicho cha kukumbatia mkwe? bibi akauliza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Refa.

— Gwe Refa, nani kapona hapo? bibi akamkatiza.

Tuntufye, mnunuzi wa kokoa, akapuliza kikombe.

— Mzee atataka ng'ombe wa kusafisha aibu.

— Ng'ombe mmoja? Refa akadakia. Sinema inaonyeshwa kila siku. Kila ikionyeshwa, kamkumbatia tena.

— Na ikifika Mbeya?

— Huko ni zizi zima.

— Jamani, akasema Neli, aliyekumbatiwa si Hezroni. Ni Ebeneza, fundi baiskeli wa Makwale, ndiye kacheza baba mkwe.

— Ndiyo mbaya zaidi, Refa akasema. Kumbe kakumbatia mume wa mtu.

Bibi akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagikia mguu.

— Mnacheka. Mimi jioni hii watanirudishia mjukuu, mkeka wake kichwani.

Mlango wa banda ukafunguka. Mzee Hezroni akatoka, kofia mkononi, akaja moja kwa moja. Benchi zima likasogea.

— Ugonile, tata, bibi akamsalimu.

Mzee akaitikia, akakaa. Kahawa akaikataa.

— Yule mtoto, alipofunga bao, kacheka. Kacheka mpaka kashika tumbo.

— Walimwambia acheke, tata. Ni sinema tu ile.

— Najua ni sinema. Nauliza ya nyumbani. Mimi nikishatoka, pale kwangu, huwa anachekaga?

Neli akamtazama bibi. Bibi Angetile alijua kila ugomvi wa nyumba ile, wa chumvi, wa mpaka wa migomba, nani kamnunia nani na tangu lini. Wote uliletwa mlangoni kwake. Kicheko hakuna aliyewahi kumletea.