Kipindi cha Watu Wawili Kilichobaki na Mmoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha kazi nyingi ukaja kumuaga mama mmoja wa kusoma magazeti, Ndugu Meneja wa redio yetu, Mchungaji Yesaya na Shehe Sufiani, mlioketi pamoja kama kawaida yenu, wafanyabiashara wa Tunduma, ndugu zangu mliotoka Igamba na Mlowo alfajiri na baridi hii, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mwanamvita, mpika chai wetu, ambaye hukuletewa kadi lakini umekuja na birika lako la chai. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, hata ninyi ambao hamjaniamkia.

Mshereheshaji ameniomba niseme maneno machache, na yawe mazuri. Nitajitahidi, ingawa kazi niliyoifanya miaka yote hii ilikuwa ya kusoma maneno mengi, na mengine hayakuwa mazuri hata kidogo.

Nianze na shukrani. Mmenizawadia redio, tena kubwa, na rangi yake imenipendeza. Mume wangu alikwishatangulia mbele za haki, watoto wangu wako Mwanza na Dodoma, na nyumba yangu ina vyumba vinne, nami hulala kimoja tu. Kwa hiyo mmefikiri vizuri, mama Loisi asikose sauti ya mtu ndani ya nyumba. Lakini niruhusuni niwaulize: sauti ya nani? Maana sauti ambayo ningependa kuisikia humo, ninyi na mimi tunajua kwamba haimo tena.

Kwa wageni wasiokijua kipindi chetu, nieleze kidogo. Siku za kawaida nilisoma magazeti kama wasomavyo watangazaji wenzangu nchi nzima, vichwa vya habari kwanza, kurasa za ndani baadaye, michezo mwishoni. Jumamosi ilikuwa siku ya maoni, na siku hiyo tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Mika Simbeye, mtangazaji wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wetu, Mnamwanga ambaye shangazi zake wako huku na wajomba zake wako kule. Alikuwa akivuka mpaka kwa miguu, gazeti la kwao kwapani na karanga za kuchemsha mfukoni, na akifika mlangoni husema “Mulishani mukwai”, yaani hamjambo, kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Mwanzoni tulikosea. Kila mmoja alichukua gazeti la mwenzake, akatafuta humo mahali palipoandikwa vibaya kuhusu nchi yake mwenyewe, akamsomea mwenye gazeti. Mimi nikimsomea ya kwao, yeye akinisomea ya kwetu. Wiki ya tatu tulitoka studio hatusemeshani. Mwanamvita alituwekea chai, kila mtu akanywa akitazama ukuta wake.

Jumamosi iliyofuata Mika aliingia, akaliweka gazeti lake mezani upande wake, akaniambia hivi, kwa lile “Ba” lao la heshima: “Ba Loisi, mimi nikikusomea ya kwenu nakusuta tu. Kila mtu asome ya kwao. Nikusomee vile sisi tumekusema, nikiwa nakuangalia machoni.”

Ndugu zangu, msidhani ni jambo jepesi. Jaribuni siku moja kulisoma gazeti la nchi yenu linaloandika kwamba jirani ni mnafiki, kwamba anakula kwetu na kunawia kwingine, na huyo jirani amekaa mbele yako anakumenyea karanga. Ulimi unakuwa mzito. Unaanza kuuliza aliyeandika maneno hayo alikuwa wapi, alikula nini siku hiyo, na kama amewahi hata mara moja kufika Tunduma. Wapo waandishi wa maoni wazuri sana, nimewasoma na nimewapenda. Lakini wengi, wa kwetu na wa kwao, huandika wakiwa mbali na mpaka, na ukiwa mbali ni rahisi kumwita jirani adui, kwa sababu huhitaji kumwomba chumvi jioni.

Basi tukaendelea hivyo, mwaka baada ya mwaka. Watu walisikiliza. Madereva kwenye foleni ya malori walifungua milango ya magari ili hata walioko chini wasikie. Sheria ilikuwa ile ile, unasoma ya kwenu, kisha unanyamaza, na mwenzako anasema linalomkera. Mara nyingi alichosema Mika kilikuwa kifupi kuliko nilichosoma.

Kisha ukaja ule msimu ambao serikali zetu mbili zilinuniana. Mnaukumbuka, sina haja ya kuusimulia. Mazao yalikwama huku, mazao yakakwama kule, na nyanya za watu zikaoza zikiwa zimefunikwa turubai. Magazeti yakawaka moto. Jumamosi ile nilisoma tahariri ya kwetu, iliyosema jirani ndiye aliyeanza, kwamba uvumilivu wetu umedhaniwa kuwa udhaifu, na kwamba sasa imetosha. Mika akasoma ya kwao, akiitafsiri taratibu kutoka Kiingereza. Ilisema jirani ndiye aliyeanza, kwamba uvumilivu wao umedhaniwa kuwa udhaifu, na kwamba sasa imetosha.

Tukatazamana. Halafu Mika akasogea kwenye kipaza sauti, akasema: “Ba Loisi, ukitoa majina ya nchi, hii ni tahariri moja. Hawa waandishi wangelipana nauli wakutane, wangeoana.”

Nilicheka. Salum, fundi mitambo wetu, alicheka nyuma ya kioo mpaka akavua vile visikilizio vyake. Nimeambiwa foleni nzima ya malori ilicheka, pande zote mbili. Na kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Tungegombana, nadhani tungeongezewa muda. Kwa kucheka, tulionekana tumewacheka wakubwa, na Jumatatu likaja agizo kutoka juu. Juu wapi, mpaka leo sijaambiwa. Kipindi kisimame mpaka hali itulie, na mtumishi yeyote wa redio asikutane na mtangazaji wa upande wa pili bila kibali. Kule kwao nako, nasikia, liliandikwa agizo kama hilo hilo. Hata katika hili tulifanana.

Hapa nimsifu Meneja wangu. Watu husema viongozi hawana huruma. Si kweli. Yeye alinitumia ujumbe wa simu wenye maneno ya upole kabisa, na mwishoni akaweka picha ya maua. Ofisi yake iko mlango wa tatu kutoka studio.

Tangu siku hiyo nimesoma maoni peke yangu, ya kwetu tu, na mbele yangu hapana mtu. Nani wa kuonewa aibu? Nilisoma maneno makali bila ulimi kuwa mzito, na hilo ndilo lililonitisha. Mwanamvita aliendelea kuleta vikombe viwili kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache. Nasema wazi mbele yenu, nimekuwa mpweke katika kazi hii kuliko nilivyokuwa mpweke msibani kwangu. Msibani watu walikuja.

Mtauliza, simu je? Nilipiga. Iliita mpaka ikachoka. Sikumlaumu. Binti yake Ruti ameajiriwa serikalini kwao, na baba mwenye akili huangalia mkate wa mwanawe kwanza. Hata mimi nilikuwa na mkataba wangu wa kuangalia.

Nilimwona mara moja tu, siku ya soko, pale watu wanapopishana na mizigo vichwani. Alikuwa amekonda. Aliniona pia, najua aliniona, kwa sababu mkono wake ulipanda kidogo kama wa mtu anayetaka kusalimu, kisha akautumia kurekebisha kofia ambayo haikuwa na kasoro. Nami nikajifanya naulizia bei ya dagaa. Tukapishana. Watu wawili tuliosomeana matusi ya nchi mbili machoni bila kuogopana, tukashindwa kusema habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa nakugeukia wewe, kwa heshima zote. Hali ilitulia. Wakubwa walikutana, wakapeana mikono, na magazeti yale yale yakaandika kwamba sisi ni ndugu wa damu tangu enzi. Niliisoma tahariri hiyo mimi mwenyewe. Malori yanapita, mahindi yanapita, hata kuku wanapita. Lakini lile agizo letu, je, kuna aliyekumbuka kuliondoa? Nimeuliza kwa Meneja, akasema wanaohusika wanalifahamu. Nimeuliza kwa wanaohusika, wakasema Meneja analifahamu. Sidhani kama kuna mtu mbaya katika jambo hili. Nadhani tumesahauliwa tu, na kusahauliwa kunauma kuliko kukatazwa, kwa sababu anayekukataza walau anajua upo.

Yasmini mwanangu, wewe ndiye utakayekikalia kiti changu. Una sauti nzuri na Kiingereza chako kinapita changu. Sikuachii nasaha nyingi. Ukikuta gazeti la kwetu limemsema jirani, lisome kana kwamba yupo mbele yako anakusikiliza. Ukiona maneno yanakutoka kwa urahisi mno, simama, unywe maji.

Ninyi nyote mmenitakia mapumziko mema, na Mchungaji ameniombea nisichoke na upweke wa kustaafu. Amina. Lakini nimelisoma vizuri lile agizo, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu. Linasema mtumishi wa redio. Leo jioni mkataba wangu unakwisha, na kesho ni Jumamosi.

Kesho asubuhi nitavuka mpaka kwa miguu. Gazeti la leo ninalo, na ukurasa wa maoni umemsema tena jirani, safari hii kuhusu ushuru, na maneno si mazuri. Nitakwenda mpaka nyumbani kwa Mika Simbeye, nibishe hodi, nimsomee vile sisi tumewasema. Inawezekana hatafungua, kwani amri ya kwao bado inamhusu, na Ruti bado yuko kazini. Asipofungua nitakaa kibarazani, nisome nikiwa nje, kuanzia kichwa cha habari mpaka jina la mwandishi, kisha nitanyamaza kama sheria yetu inavyotaka, nimpe nafasi yake ya kusema. Hata akisema kwa ndani, nitakuwa nimekaa karibu na mlango.

Ninyi mmenisikiliza leo, na mmenisikiliza miaka yote. Asanteni sana. Yeye nitamshukuru kesho, akinisikiliza.